Dribidu na Binti wa Denisova

Mtu wa Dadamu hukua akiijua milima miwili hata kabla hajaipanda. Wati, ambao wazee huuita Eti, uko upande wa Terego. Liru uko kaskazini, njia ya kwenda Koboko. Walugbara huihusisha milima hii na mashujaa wawili ambao koo zetu husema zimetoka kwao: Jaki kule Liru, na Dribidu kule Wati. Huyu Dribidu ana sifa za kutisha. Jina lake linataja nywele ndefu, kwa kuwa alikuwa na manyoya mwili mzima, na jina lake la pili, Banyale, ni la mla watu. Inasemwa kwamba alikula watoto wake mwenyewe kabla ya kuvuka Mto Nile na kuja huku. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara kuanzia mwisho wa 1949 hadi 1952, aliandika masimulizi haya, lakini yalikuwapo kabla yake na bado yanasimuliwa.

Katika mjadala wa darasa letu juu ya asili ya binadamu, mwenzetu mmoja alisimama akauliza: je, Dribidu hakuwa mmoja wa wale binadamu wengine waliotoweka, ambao sasa wanatambuliwa kwa DNA ya mifupa? Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, halafu usiku nikajuta, kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko kicheko chetu. Jibu langu ni kwamba hapana, hakuwa. Lakini mtu hawezi kusema hapana kwa haki bila kueleza jinsi hao waliotoweka walivyojulikana, na kwa nini hadi leo mifupa ya Afrika haijasema kwa njia hiyo hiyo.

Tuanze Ujerumani. Mwaka 1856 wachimba mawe ya chokaa katika bonde la Neander, karibu na Düsseldorf, walitoa pangoni mifupa minene na sehemu ya juu ya fuvu lenye paji lililotokeza juu ya macho. Wataalamu walibishana. Baadhi walisema ni mgonjwa, wengine wakasema ni askari aliyepotea, na wengine wakasema ni aina nyingine ya binadamu. Mabishano hayo yalidumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama, yaani umbo la mfupa. Umbo hueleza mengi, ila halikwambii nani alizaa na nani.

DNA hukwambia. Lakini DNA ya mfu ni kama kitabu kilichosahauliwa ghalani kikaliwa na mchwa. Hukuti ukurasa mzima. Unakuta vipande vya maneno mawili matatu, vimechanganyika na vipande vya vitabu vingine, kwa maana bakteria wa udongoni nao wameacha DNA yao ndani ya mfupa huo huo, na mtu aliyeufukua ameacha ya jasho lake. Kinachookoa kazi ni kwamba kuna nakala nyingi za kitabu kile kile, na kila nakala ililiwa mahali tofauti. Ukipanga mamilioni ya vipande vinavyopishana, maandishi huanza kurudi. Tena kuna alama moja ya uzee ambayo ni vigumu kuighushi: mwishoni mwa vipande vya kale, herufi ya kemikali iitwayo C huharibika na kusomeka kama T. Kipande kisicho na uharibifu huo hutiliwa shaka kuwa ni cha mtu wa juzi.

Mwanzoni tahadhari hizo hazikuwapo, na kwa mwanafunzi wa historia hapa ndipo habari inapokolea. DNA ya kwanza kusomwa kutoka kwa mnyama aliyetoweka ilikuwa ya mnyama wa Afrika, kwaga, ndugu wa punda milia aliyekuwa Afrika Kusini. Wa mwisho alikufia katika bustani ya wanyama mjini Amsterdam mwaka 1883. Mwaka 1984 watafiti wa California walisoma kipande kidogo kutoka nyama kavu iliyobaki kwenye ngozi yake katika jumba la makumbusho Ujerumani. Mwaka uliofuata kijana Mswidi, Svante Pääbo, alitangaza DNA ya maiti iliyokaushwa ya Misri. Baadaye ilionekana kwamba huenda ile haikuwa ya Mmisri wa kale hata kidogo, bali uchafu wa watu wa sasa. Pääbo hakuacha kazi. Alitumia miaka mingi akibuni njia za kujikinga na kosa lake mwenyewe, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1997 yeye na wenzake mjini Munich walikata kipande cha mfupa wa mkono wa yule mtu wa 1856. Walisoma sehemu ndogo tu, herufi 379, kutoka DNA ya mitokondria, ile tunayorithi kwa mama peke yake. Walipoilinganisha na watu wanaoishi leo, waliona kwamba mtu na mtu wa sasa hutofautiana kwa wastani herufi 8 katika sehemu hiyo, lakini Mneandertali alitofautiana nasi kwa herufi 27. Wakasema hakuna dalili kwamba aliacha kizazi kwetu. Magazeti yakaandika kwamba walikuwa aina nyingine, walikufa, habari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 2010 kundi hilo hilo lilitoa rasimu ya DNA ya Mneandertali, kutoka mifupa mitatu ya pango la Vindija, Kroatia. Waliiweka pembeni ya DNA ya watu watano wa sasa: Msani na Myoruba kutoka Afrika, Mfaransa, Mchina na Mpapua. Kama Waneandertali hawakuacha kizazi, basi wote watano wangekuwa mbali nao kwa kiasi kimoja. Lakini Mfaransa, Mchina na Mpapua walikuwa karibu nao zaidi kidogo kuliko Waafrika wale wawili. Maelezo yaliyosimama ni kwamba watu waliotoka Afrika walikutana na Waneandertali na wakazaa nao, na asilimia 1 hadi 4 ya DNA ya watu wa nje ya Afrika ilitoka huko. Mitokondria haikuwa imesema uongo mwaka 1997. Ilikuwa imesimulia habari ya akina mama peke yao, na watu wakaichukua kuwa habari ya ukoo mzima.

Mwaka huo huo wa 2010 likatokea jambo lisilokuwa na mfano. Katika pango la Denisova, milima ya Altai, Siberia, wachimbaji walikuwa wamepata mwaka 2008 kipande cha mfupa wa kidole, kidogo kiasi cha kupotea mfukoni. Hakuna ambaye angeweza kukitazama na kusema ni cha nani. DNA yake haikuwa yetu wala ya Mneandertali. Kwa mara ya kwanza kundi zima la binadamu lilijulikana kwa DNA kabla ya kujulikana kwa sura. Waliitwa Wadenisova kwa jina la pango, na sehemu ya DNA yao imekutwa kwa watu wa Papua na visiwa vya jirani. Hata uwezo wa Watibeti kuishi vizuri kwenye hewa haba ya milimani unatokana na kipande cha DNA cha aina ya Wadenisova, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2014.

Kutoka pango hilo hilo kukaja mfupa ambao ndio uliochukua nafasi kubwa zaidi katika mawazo yangu. Ulikuwa kipande kimoja kati ya zaidi ya elfu mbili ambavyo havikutambulika, vingi vikiwa vya wanyama. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kilikuwa cha msichana wa miaka 13 au zaidi, aliyeishi yapata miaka 90,000 iliyopita. Kila jozi ya kromosomu zake ilikuwa na upande mmoja wa Kineandertali na mwingine wa Kidenisova. Mitokondria ilikuwa ya Kineandertali, kwa hiyo huyo alikuwa mama. Baba alikuwa Mdenisova. Si mjukuu wala kitukuu wa mchanganyiko, bali mtoto mwenyewe wa wazazi wawili wa aina mbili. Kwetu, mtoto huulizwa: baba yako ni wa ukoo gani, na wajomba zako wako wapi? Huyu binti asiye na jina amejibu maswali yote mawili.

Sura ya Wadenisova ilisubiri hadi Juni 2025. Fuvu kubwa kutoka Harbin, China, ambalo inasimuliwa kwamba mfanyakazi mmoja alilipata mwaka 1933 akalificha kisimani, na ambalo mwaka 2021 lilipewa jina la aina mpya kabisa, lilichunguzwa tena na Qiaomei Fu na wenzake. Protini zake, pamoja na DNA iliyojificha kwenye ukoga uliogandamana na jino, zilionyesha kuwa ni la Mdenisova.

Sasa turudi nyumbani. Katika habari yote hii, Ujerumani, Kroatia, Siberia, China, Afrika imetajwa mara ya kwanza kwa kwaga na mara ya pili kama kipimo cha kulinganishia wengine. Mwanafunzi wa Afrika ana haki ya kuuliza kwa nini. Je, bara ambalo lilimzaa binadamu halikuwa na jamaa wengine?

Lilikuwa nao. Fuvu la Kabwe, Zambia, lililotolewa mgodini mwaka 1921, lina paji zito na kichwa kirefu ambacho si chetu. Mwaka 2020 lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 299,000 hivi. Homo naledi wa Afrika Kusini, aliyetangazwa mwaka 2015, alikuwa na ubongo mdogo na aliishi kati ya miaka 335,000 na 236,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba wakati babu zetu wa aina yetu wanaanza kuonekana, jirani zao bado walikuwa hai. Lakini hakuna DNA iliyosomwa kwa hao.

Sababu kubwa ni joto. DNA ni kemikali, na kemikali huvunjika haraka zaidi panapokuwa na joto na maji. Watafiti waliopima mifupa ya ndege moa wa New Zealand walikadiria mwaka 2012 kwamba, kwa wastani wa nyuzi 13 hivi, nusu ya vipande vya urefu fulani hukatika kila baada ya miaka 521. Huku kwetu hatujui nyuzi 13 kama wastani wa mwaka. Ongeza udongo mwekundu wenye asidi, mvua misimu miwili, na mchwa. Yeyote aliyewahi kuona kaburi la zamani likifunguliwa kwa sababu ya barabara anajua kinachobaki. Ndiyo maana Hispania, katika shimo la mapangoni liitwalo Sima de los Huesos, imesomwa DNA ya miaka 430,000 hivi, lakini kwa upande wetu wa Afrika mipaka imefika miaka 18,000 hivi tu, kwa mifupa iliyotangazwa mwaka 2022 kutoka Tanzania, Malawi na Zambia. Wote hao ni binadamu kama sisi. Kutoka Uganda, DNA ya kale ya kwanza kuripotiwa, mwaka 2020, ni ya mtu aliyezikwa Munsa, Bunyoro, penye mahandaki makubwa ya kale, na huyo ni mtu wa juzi juzi kwa hesabu hizi.

Kwa hiyo kimya cha mifupa yetu si ushahidi kwamba hapakuwa na watu wengine. Nasisitiza hili kwa sababu pengo la ushahidi huko nyuma limewahi kujazwa kwa dharau, na sasa linaweza kujazwa kwa haraka. Mfano uko karibu. Mwaka 2012 mifupa ya mwanamume wa miaka 4,500 iliyopita ilifukuliwa katika pango la Mota, nyanda za juu za Ethiopia, ambako baridi iliihifadhi. Oktoba 2015 DNA yake ilitangazwa, ya kwanza kamili ya Mwafrika wa kale, pamoja na dai kwamba watu waliorudi kutoka nje waliacha damu yao Afrika nzima, hata kwa Wambuti wa misitu ya Kongo. Miezi michache baadaye watafiti wenyewe walitoa sahihisho: hatua moja ya kuoanisha programu mbili za kompyuta ilikuwa imerukwa. Damu ile iko Afrika Mashariki, lakini si kwa Wambuti wala Wayoruba kama walivyodai. Nawaheshimu kwa kujisahihisha. Lakini habari ya kwanza ilisomwa na dunia nzima. Ya pili ilisomwa na wachache.

Ipo pia njia ya kutafuta jamaa wasio na mfupa. Mwaka 2020 Arun Durvasula na Sriram Sankararaman walichunguza DNA ya watu wanaoishi leo Afrika Magharibi, miongoni mwao Wayoruba na Wamende, wakakuta vipande ambavyo kwa hesabu zao vilitoka kwa kundi lililotengana na babu zetu hata kabla ya Waneandertali. Kiasi walichokadiria ni asilimia 2 hadi 19, na upana wa makadirio hayo peke yake unaonyesha ugumu wa kazi. Mwaka 2023 wengine walijibu kwamba si lazima kuwe na kundi geni; inatosha kwamba mababu wa binadamu ndani ya Afrika waliishi katika makundi mawili au zaidi yaliyoachana kidogo na kukutana tena mara nyingi. Kwa maoni yangu maelezo haya ya pili yana nguvu, maana yanafanana na jinsi watu wanavyoishi kweli: hutengana, huoana, hutengana tena. Lakini bila mfupa, mjadala utabaki wa hesabu.

Na lile dai la 2010 kwamba Waafrika hawana cha Mneandertali? Nalo limepunguzwa. Mwaka 2020 Joshua Akey na wenzake, wakitumia njia mpya, walikuta kiasi cha asilimia 0.3 hivi kwa Waafrika waliowapima, na kati yao walikuwamo Waluhya wa Webuye, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa mashariki. Kiasi fulani kililetwa na watu waliorudi Afrika. Kingine kilionekana kuwa cha Waneandertali lakini kwa kweli kilikuwa chetu: watu wa aina yetu walitoka Afrika mapema sana, wakazaa na Waneandertali, wakawaachia DNA yao. Nani basi alimwachia nani?

Niliporudi kijijini nilimsimulia mzee mmoja jirani yetu mambo haya. Nilimweleza kwamba sehemu bora ya kutafuta DNA ni mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, na kwamba hutobolewa na kusagwa unga. Hakuuliza mfupa una miaka mingapi. Aliuliza: "Na mwenye mfupa, walimwomba nani?" Kwetu wafu huzikwa nyumbani, uani, na kaburi lina wenyewe. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mwaka 2021 zaidi ya wasomi 60 kutoka nchi 31 waliandika kanuni za kazi hii, ikiwamo kuwasikiliza wenyeji na kuharibu mfupa kidogo iwezekanavyo. Nilimwambia pia kwamba fuvu la Kabwe liko London, na Zambia imekuwa ikilidai kwa miongo mingi. Mzee alisema, "Basi wao wana kichwa, Wazambia wana shimo."

Kuhusu Dribidu. Nasaba za koo zetu, kutoka mashujaa hadi sisi, ni vizazi kama kumi hivi, yaani karne chache. Waneandertali walitoweka miaka 40,000 hivi iliyopita, na mifupa yao haijapatikana kusini mwa Sahara. Hakuna kumbukumbu ya mdomo inayoweza kuvuka pengo hilo na bado ikataja mlima kwa jina. Middleton mwenyewe alieleza vizuri zaidi yale manyoya: katika masimulizi ya Kilugbara, kila kilicho kabla ya jamii au nje ya jamii hupinduliwa. Watu wa mbali hutembea kwa vichwa, wa zamani hula watoto wao. Manyoya ya Dribidu yanaeleza kwamba alikuja kabla ya mahari, kabla ya ukoo, kabla ya sheria ya nani ni ndugu na nani ni mgeni. Akishafika Wati na kuzaa, masimulizi humfanya baba wa koo.

Mwenzangu aliposikia hoja hii alikubali nusu. Alisema: sawa, si Dribidu, lakini je, mifupa ya hapa itanyamaza daima? Hapo ilibidi nikubali kwamba hapana. DNA ikishindwa, protini za jino hudumu zaidi. Mei 2025 Palesa Madupe na wenzake walitangaza protini kutoka meno manne ya zamadamu Paranthropus robustus wa Swartkrans, Afrika Kusini, wa miaka milioni 2 hivi, wakaweza kusema wawili walikuwa wa kiume na wawili wa kike. Miezi miwili baadaye zikatangazwa protini kutoka meno ya wanyama wa Turkana, Kenya, katika joto lile lile tulilodhani limefuta kila kitu, na ya kale zaidi yana miaka milioni 18. Turkana inapakana na Karamoja. Na Karamoja ndiko iliko Napak, ambako mwaka 2011 Martin Pickford na Brigitte Senut walipata fuvu la nyani mkubwa wa miaka milioni 20 hivi, likiwa na meno yake.